Picha ya pikseli imeharibika: soma umbo la kosa kabla hujagusa kitu

Mafundi redio wa Kariakoo wana tabia moja ninayoipenda. Ukimpelekea redio yako hakimbilii bisibisi. Anaiwasha, anatega sikio, anainusa, anaigonga kidogo ubavuni, ndipo anakuuliza ilianza lini. Mtu anayechora picha za demo (programu za maonyesho ya picha na muziki) za kompyuta za zamani anaihitaji tabia hiyohiyo, maana mashine hizi hazikosei ovyo. Kosa lina umbo lake. Likifuata visanduku vya pikseli 8 kwa 8, tatizo ni rangi zako. Picha ikichanika kama meno ya chanuo, tatizo ni faili. Ukiona herufi ambazo hukuziandika, tatizo ni kumbukumbu ya mashine. Na kama kila kitu kiko sawa kwenye laptop ila TV ndiyo inagoma, picha yenyewe usiiguse kabisa.

Nitazungumzia zaidi kompyuta ya Commodore 64 (C64) ya mwaka 1982, kwa kuwa ndiyo ninayoichorea na ndiyo yenye vituko vingi. ZX Spectrum na Amiga, kompyuta nyingine za zamani, nitazipitia juu juu. Wengi wetu hapa Dar hatukukua na mashine hizi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni yenyewe huku Bara tuliipata 1994, ilhali Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu 1973. Kwa hiyo tunatumia VICE, emuleta ya bure, yaani programu inayoiga mashine hiyo, kwenye laptop za mtumba. Inatosha kabisa. Karibu kila kosa nitakalolieleza hapa linatokea kwenye VICE vilevile kama kwenye mashine halisi.

Unagusa pikseli moja, kisanduku kizima kinageuka rangi

Hili humpata kila anayeanza. Unachora ngalawa: tanga jeupe, anga la chungwa, mlingoti wa kahawia. Unaongeza kamba nyeusi, na kipande cha tanga nacho kinakuwa cheusi. Unafuta, anga linabadilika. Unaanza kuilaumu programu ya kuchorea.

Programu haina kosa. C64 ina rangi 16 zisizobadilika, lakini haikuruhusu kuzimwaga popote upendapo. Katika hali ya pikseli 320 kwa 200, kila kisanduku cha 8 kwa 8 kinapewa rangi 2, basi. Katika hali ya rangi nyingi skrini inakuwa 160 kwa 200, kila pikseli inapanuka mara mbili, na kisanduku cha pikseli 4 kwa 8 kinapata rangi 4: tatu zake mwenyewe, na moja ya mandharinyuma ambayo skrini nzima inaigawana. Rangi ya tano ikibisha hodi, mmoja wa waliomo ndani atoke.

Dawa inaanza kabla ya kuchora. Washa gridi. Multipaint, ambayo nayo ni ya bure, inazijua kanuni za mashine na itakukatalia palepale. Ukitumia Aseprite au GIMP utajiwekea gridi mwenyewe na kuhesabu ni juu yako. Halafu chagua rangi ya mandharinyuma kwa hesabu, usidanganywe na jina lake. Chukua ile inayohitajika katika visanduku vingi kuliko zote, hata kama jicho halioni kwamba iko nyuma ya chochote. Mara nyingi ni nyeusi, kwa kuwa karibu kila kitu kina kivuli au ukingo. Mimi nilipoteza wiki mbili nikiamini kwamba picha ya bahari lazima mandharinyuma yake iwe bluu. Nilipoweka nyeusi, visanduku vilivyokuwa vikigombana kuzunguka ngalawa vilitulia karibu vyote.

Vinavyobaki, sogeza. Mlingoti ukihamia pikseli 2 kushoto, unaingia kisanduku ambacho tayari kina kahawia. Msuka mkeka huhesabu miyaa yake kabla hajaanza, ili pambo liangukie panapostahili. Hapa ni vivyo hivyo, mchoro unaifuata gridi. Anayechora kwanza akaja kupanga visanduku baadaye anafanya kazi mara mbili, na mara ya pili huwa na hasira.

Ikishindikana kabisa kuna spraiti. Ni 8, kila moja pikseli 24 kwa 21, zinaelea juu ya picha na rangi zake hazihesabiwi ndani ya kisanduku. Taa nyekundu ya kivuko, mboni ya jicho, cheche ya moto: weka spraiti. Ila muulize kwanza anayeandika msimbo wa demo, huenda zote 8 ameshazipangia kazi nyingine.

Kwenye ZX Spectrum kanuni ni rangi 2 kwa kila kisanduku cha 8 kwa 8, na kuna mtego wa ziada: mwangaza unawekwa kwa kisanduku kizima. Nyekundu kali haiwezi kukaa kisanduku kimoja na bluu iliyofifia. Ukiona rangi imejipandisha mwangaza bila wewe kuigusa, sababu ndiyo hiyo. Na kisanduku kikianza kuwakawaka chenyewe, umewasha biti ya 7 ya baiti ya rangi bila kukusudia.

Nusu ya juu ni nzuri, nusu ya chini imejaa herufi

Kati ya makosa yote hili ndilo ninalolipenda, kwa sababu mtu akiliona mara ya kwanza anadhani laptop imeingiliwa na virusi. Picha inaanza vizuri, inafika katikati, kisha zinatokea @, A, B, C zimejipanga kama darasa la kwanza.

Chipu ya picha ya C64, VIC-II, inaona KB 16 tu za kumbukumbu kwa wakati mmoja. Kuna madirisha manne ya namna hiyo, na unachagua mojawapo kwa biti mbili za chini za $DD00 (alama ya $ ni anwani au namba ya msingi wa 16). Katika dirisha la kwanza na la tatu, chipu haioni kumbukumbu yako kwenye $1000 hadi $1FFF, wala kwenye $9000 hadi $9FFF. Pale inaona maumbo ya herufi yaliyochongwa kiwandani. Ukiipakia picha kwenye $8000, mwanzo wa dirisha la tatu, baiti 4096 za kwanza zinaonekana sawasawa, na baada ya hapo chipu inasoma herufi. Hesabu inakuja kamili: herufi zinaanza kwenye mstari wa 13 wa visanduku, safu ya 33. Ukihesabu ukakuta ni hapo, usitafute sababu nyingine. Hamishia picha $A000, au ondoka kwenye dirisha hilo uende la pili, $4000 hadi $7FFF, ambako hakuna herufi zinazojificha.

Dirisha la pili ndilo lenye mazoea ya wengi, kwa sababu faili la Koala, muundo wa picha unaotumika sana kwenye C64, linajipakia $6000. Faili hilo lina baiti 10003: 2 za anwani, 8000 za mchoro, 1000 za rangi za skrini, 1000 za kumbukumbu ya rangi, na 1 ya mandharinyuma. Likishapakiwa, mchoro uko $6000, rangi za skrini $7F40, kumbukumbu ya rangi $8328, na mandharinyuma $8710. Mchoro unaweza kubaki hapo ulipo. Vingine vyote vinakiliwa: rangi za skrini uzipeleke $5C00, kumbukumbu ya rangi $D800, mandharinyuma $D021. Kisha zipange rejista, yaani anwani za kuipa mashine maagizo: $D018 iwe $78, $D011 iwe $3B, $D016 iwe $18, na biti mbili za chini za $DD00 ziwe %10 (1 na 0).

Kutoka hapo, dalili zinajitaja zenyewe. Umbo la mchoro ni sahihi lakini sehemu fulani zina rangi za ajabu, mara nyingi bluu hafifu kila mahali? Hujanakili kwenda $D800. Anwani hiyo haihamishiki, haijalishi umechagua dirisha gani. Picha nzima imegeuka mistari myembamba ya wima? Umesahau $D016, kwa hiyo mashine inaisoma picha ya rangi nyingi kana kwamba ni ya rangi mbili, na kila pikseli nene inapasuliwa vipande viwili. Unaona uchafu mtupu, kama TV isiyo na antena, lakini uliokaa katika visanduku? $D018 au $DD00 inaelekeza pasipo na picha.

Picha imechanika kama chanuo

Kila kisanduku kimeshuka mistari 2, na mistari yake miwili ya chini imejitokeza juu ya jirani yake wa kulia. Kwa mbali picha inatambulika, kwa karibu ina meno.

Ni zile baiti 2 za anwani mwanzoni mwa faili. Asembla, programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, imelichukua faili zima na kuzihesabu kama sehemu ya mchoro. Mwambie aliyeandika msimbo aruke baiti 2 za mwanzo. Hakuna zaidi, na usikubali akurudishie picha uichore upya. Nimeshaona mtu akichora upya.

Rangi ni sahihi lakini picha inaonekana chafu

Hapa hakuna rejista ya kurekebisha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rangi 16 hazitoshi, kwa hiyo tunazichanganya kwa nukta: pikseli ya rangi hii, pikseli ya rangi ile, kama ubao wa drafti, jicho linaona rangi ya tatu. Wakati mwingine linaiona. Wakati mwingine linaona mchanga uliomwagwa kwenye meza. Kinachoamua ni mwangaza wa zile rangi mbili, wala hakihusiani na jinsi zinavyofanana kwa jina.

Chipu za VIC-II za baadaye zina ngazi 9 za mwangaza. Chini kabisa nyeusi. Juu yake bluu na kahawia, sawa kwa sawa. Kisha kijivu cheusi na nyekundu. Kisha zambarau na chungwa. Kisha bluu hafifu na kijivu cha kati. Kisha kijani na nyekundu hafifu. Kisha samawati ya kijani na kijivu cheupe. Kisha njano na kijani hafifu. Juu kabisa nyeupe. Zinakili ngazi hizi kwenye karatasi uzibandike ukutani. Rangi mbili za ngazi moja zikichanganywa zinayeyukiana: zambarau na chungwa zinatoa rangi ya udongo ambayo haimo kabisa kati ya zile 16. Rangi za ngazi zinazokaribiana zinakubali. Ukiruka ngazi nne, tano, unapata mchanga.

Chukua anga la alfajiri. Nasema alfajiri kwa makusudi, maana kila mwaka naona picha ya jua likizama baharini pale Coco Beach, na aliyeichora ni mtu wa hapahapa. Bahari yetu iko mashariki, ndugu yangu. Jua linachomozea huko. Basi anga hilo lianzie juu kwa bluu, lishuke kwa zambarau, kisha nyekundu hafifu, kisha njano pale jua linapotokea. Ukiangalia ile karatasi utaona kila hatua inapanda ngazi mbili. Jicho halijikwai. Lakini mtu anayechagua kwa majina atatoka bluu aende bluu hafifu, kisha nyeupe, na kwenye kila mpaka utaona utepe uliokatwa kwa mkasi.

Njia ya kujipima: geuza picha yako iwe ya kijivu. Ikiwa tanga, anga na maji vimekuwa kitu kimoja, hukukosea rangi, umekosea mwangaza. Ila kipimo hiki kinafaa tu kama paleti (orodha ya rangi) uliyoipakia kwenye programu ya kuchorea inafanana na ya VICE. Paleti za C64 ziko nyingi, na baadhi zimekolezwa zipendeze kwenye skrini za kisasa. Chagua moja, itumie kote.

Kuna pia uchafu wa aina nyingine, wa kuzidisha nukta. Anayeanza akishagundua mchanganyiko wa nukta anauweka kila mahali, hadi kwenye uso wa mtu, na uso unaota ndui. Pikseli za 160 kwa 200 ni nene mno kwa anasa hiyo. Acha maeneo mapana ya rangi moja yapumue.

Ngalawa imenenepa

Pikseli ya C64 si mraba. Kwenye TV ya PAL, mfumo wa rangi wa TV za huku kwetu, upana wake ni kama 0.94 ya urefu, na katika hali ya rangi nyingi inakuwa karibu mara 1.87. Ukichora 160 kwa 200 kwenye programu inayodhani kila pikseli ni mraba, utachora kitu chembamba kitakachonenepa kwenye mashine. Aseprite ina chaguo la pikseli zenye upana maradufu, liwashe mwanzoni. Duara usilichore kwa bikari. Lichore, lipeleke VICE, litazame, rudi.

Iliyotoka kwangu ina rangi 16, iliyofika kwake ina 900

Umeituma kama picha kwenye simu, na programu za kutumiana ujumbe huzibana picha ziwe JPEG. JPEG inazaa rangi kuzunguka kila ukingo. Tuma kama hati, ama ifunge ndani ya faili la ZIP. Hifadhi kama PNG yenye paleti maalumu, na unapoikuza kwa ajili ya kuonyesha watu, ikuze mara 2, 3 au 4 kamili bila kulainisha. Mara 2.5 itakupa pikseli nene na nyembamba zilizochanganyikana, na utafikiri umechora ukiwa na usingizi.

Nimegeuza picha ya kamera, imekuwa uji

Ndiyo. Ukiipitisha picha ya Mnara wa Askari pale Samora kwenye programu ya kugeuza, itachagua kwa kila kisanduku rangi zinazokaribia zaidi kihesabu, bila kujua kwamba bunduki ni kitu kimoja na mti wa nyuma ni kitu kingine. Tumia picha ya kamera kama kielelezo cha pembeni. Anza na kivuli cheusi cha umbo zima. Kama askari hatambuliki akiwa kivuli, rangi hazitamwokoa. Zaidi ya hapo, mashindano mengi ya picha za demo yanadai uonyeshe hatua za kazi yako, na picha iliyogeuzwa haina hatua. Hifadhi nakala kila baada ya nusu saa, namba baada ya namba. Umeme nao ukikatika utakuwa umejiokoa mara mbili.

Inacheza vibaya: inadunda, inameta, inakatika

Ni mambo matatu tofauti, usiyachanganye.

Inadunda ikisogea, lakini kila fremu ni safi: C64 ya PAL inatoa picha 50 kwa sekunde na skrini ya laptop yako inaonyesha 60, kwa hiyo kila picha ya tano inarudiwa. Mchoro hauna kosa. Kama skrini inakubali 50, iweke 50.

Inameta kama taa ya duka inayokaribia kuungua: umetumia mbinu ya kubadilishana picha mbili haraka ili kupata rangi za ziada. Rudi kwenye karatasi ya ukutani. Rangi mbili za ngazi moja zikibadilishana hazimeti sana. Nyeusi na nyeupe zitamtoa mtu machozi.

Inakatika katikati, juu picha mpya, chini ya zamani: msimbo unanakili wakati mionzi ya TV bado inachora. Eneo la picha ni mstari wa 51 hadi 250, kwa hiyo subiri wa 251 ndipo uanze. Hapo una mistari 112 ya mizunguko 63 ya prosesa, yaani 7056, kabla mionzi haijarudi juu. Kunakili baiti 1000 za $D800 kwa njia ya haraka, mizunguko 8 kwa baiti, ni 8000. Haitoshi, lakini ukinakili kuanzia juu kwenda chini utakuwa mbele ya mionzi muda wote. Ukianzia chini, itakukamata.

Na ukiona ukanda mchafu wa visanduku 3 upande wa kushoto, katika ile mbinu ya kubadilisha rangi kila mstari inayoitwa FLI, huo hautibiki. Chipu yenyewe haiwahi kusoma pale. Ufunike kwa spraiti, au panga picha yako ianzie baada yake.

Kwenye Amiga

Mawili yanatosha. Amiga za kwanza zina rangi 4096 za kuchagua, ngazi 16 kwa kila nyekundu, kijani na bluu. Ukichanganya paleti kwa ngazi 256 za laptop, rangi mbili ulizoziona tofauti zinaweza kuangukia mahali pamoja. Chagua kwa hatua za 17 tangu mwanzo: 0, 17, 34, hadi 255. La pili: picha ikitokea vumbi tupu ingawa faili ni zima, huenda msimbo umeiweka kwenye kumbukumbu ambayo chipu za picha hazifiki. Ipelekwe kwenye ile ya chipu.

Kwenye laptop sawa, kwenye TV ya chogo haina rangi

Bado napendekeza uione kazi yako kwenye TV ya chogo. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, machogo yamejaa stoo na kwa mafundi, na mengi yana tundu la njano la video. Mimi naunganisha Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo, yenye VICE.

Picha ikija nyeusi na nyeupe, au inaviringika, Pi inatoa NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, ndiyo mazoea yake. Kama Pi yako ina mfumo wa zamani, kwenye faili la config.txt andika sdtv_mode=2, itatoa PAL. Kama hakuna picha kabisa na spika inavuma, kagua waya. Waya za pini moja kwenda tatu zinafanana zote kwa nje, lakini ndani mpangilio si mmoja. Pi inataka video kwenye sehemu ya pini iliyo karibu na plastiki, na ardhi kwenye pete inayofuata. Waya wa kamera za zamani mara nyingi umegeuzwa. Niliwahi kurudisha waya dukani mara mbili, nikapewa uleule, hadi nilipokwenda na kipimo nikapima mbele ya muuzaji.

Rangi zikija zimekolea mno, teremsha kitufe cha rangi cha TV kabla hujagusa paleti. Na ukiona zile nukta za zambarau na chungwa zimeyeyuka zikawa rangi moja, zaidi hata ya ulivyoziona kwenye laptop, usirekebishe chochote. PAL inachanganya rangi za mistari inayopakana, na hilo ndilo walilolitegemea waliochora kwenye mashine hizi tangu zamani.